Wazee wa Ntundwa Hawaanguki

1

Siku niliyotimiza miaka sitini, Wizara ilinipa zawadi mbili: keki ya mtama isiyo na sukari na jozi ya makubazi ya wazee. Makubazi hayo ni ya kijivu, yana soli inayonata sakafuni mara tu mguu unapotaka kuteleza, na mvaaji akipepesuka yanapiga mluzi ili watu waje. Keki niliwagawia vijana wa ofisini. Makubazi niliyatia droo ya chini kabisa, nikaifunga kwa ufunguo, nikaendelea na viatu vyangu vya kisigino kifupi. Nipige mluzi miguuni, mimi? Mimi ni mtakwimu wa daraja la kwanza, si treni.

Wiki iliyofuata Mkurugenzi wa Malengo, Daktari Erasto Mbwilo, aliniita ofisini kwake. Ni kijana wa miaka arobaini na miwili, mpole, mwenye tabia ya kunyoosha vitu mezani anapokuwa na habari mbaya. Nilipoingia alikuwa amekwisha kunyoosha kalamu zote na sasa alikuwa kwenye vikombe.

"Mama Sekunda, lengo la arobaini na moja lina shida."

Lengo la arobaini na moja nimelikariri: kupunguza kuanguka kwa wazee kwa nusu ifikapo mwaka 2075. Lilizinduliwa mwaka 2061, kwa matarumbeta na fulana za njano. Mimi mwenyewe bado nadeki sakafu kwa fulana yangu.

"Mizani imeuliza swali," Mkurugenzi aliendelea. "Maneno matatu tu. 'Nusu ya nini?'"

Mizani ndiyo akili mashine inayogawa dawa na vifaa nchi nzima. Bunge liliipa kazi hiyo baada ya kuchoshwa na wakubwa waliokuwa wakipeleka kila kitu makwao. Mizani haina kwao. Haina shemeji, haina mpiga kura, na huwezi kuipelekea mbuzi. Inachotaka ni mambo mawili tu: ulikuwa wapi ulipoanza, na umefika wapi. Na kwenye lengo la arobaini na moja, safu ya hali ya kuanzia ilikuwa imeandikwa maneno mawili: itajazwa baadaye.

Mkurugenzi alifumba jicho moja kuyasoma maneno hayo kwenye kioo cha kompyuta. "Sijui ni mvivu gani aliyeandika hivi."

"Ni mimi," nilisema. "Siku ya uzinduzi, wali ulikuwa unapoa."

Alinyoosha kikombe ambacho tayari kilikuwa kimenyooka. Kisha akanieleza mengine. Malengo yote yasiyo na takwimu za kuanzia yangefungwa Ijumaa saa sita mchana, na vifaa vyake vingerudishwa bohari kuu. Vifaa vya lengo hili vilikuwa mikongojo arobaini yenye akili. Mkongojo wa namna hiyo unasikia mwili wa mzee ukianza kuyumba, nusu sekunde kabla mwenyewe hajajua, unatoa miguu mitatu chini na kumkamata kiunoni kwa juu. Mikongojo hiyo ilikuwa stoo ya zahanati ya Ntundwa, mahali palipochaguliwa kwa majaribio, kwa muda wa miezi kumi na mmoja. Kufuli la stoo lilikuwa mikononi mwa Mizani. Mikongojo isingeweza kutolewa kabla ya takwimu za kuanzia kupatikana, maana wazee wangeacha kuanguka na kuziharibu.

"Kwa hiyo fimbo za kuzuia wazee wasianguke zimefungiwa stoo zikisubiri wazee waanguke," nilisema.

"Kwa hesabu, ndiyo. Sasa, Mama, wewe andika asilimia ishirini na nane tu, tumalize."

"Imetoka wapi hiyo?"

"Haijatoka popote, ndiyo uzuri wake. Thelathini ingeonekana imepikwa."

Miaka thelathini na minne nimefanya kazi hii sijapika namba. Nimechelewesha namba, nimezigombania, nimezililia chooni, lakini kupika sijapika. Tena Ntundwa ni kwetu. Nimezaliwa pale, kati ya yale majabali, na baba yangu bado yuko pale. Nilimwambia Mkurugenzi nitakwenda kuhesabu mwenyewe.

"Una siku nne," alisema, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile mikono yake ikatulia. "Chukua Karani."

2

Karani ni kijimashine chenye urefu wa stuli, miguu minne, na bamba la kidole gumba kichwani. Mtu akishajibu, anaweka kidole, ndipo jibu linahesabika. Sharti hilo lilikuja baada ya wilaya moja kuripoti wagonjwa wengi kuliko wakazi. Macho ya Karani si ushahidi, maneno ya jirani si ushahidi. Mwenye kuanguka ndiye aseme. Na vidole vya ndiyo vikiwapo lakini chini ya thelathini, Mizani haiziiti takwimu, inaziita masimulizi.

Tuliingia Ntundwa Jumatatu adhuhuri. Njia ya kutoka kituoni hadi mjini ni mawe matupu, mengine yametelezeshwa na nyayo za karne mbili. Tulipofika kona ya kisima tukawakuta wazee wawili wamekaa katikati ya njia, miguu mbele, wanazungumza habari za alizeti.

"Watu wawili wamekaa barabarani," Karani ilisema. "Je, huu ni mgomo?"

"Wanapumzika."

"Juu ya kokoto?"

Tayari nilikuwa nimekwisha kukaa. Sikufikiri hata. Nilikunja sketi, nikakaa kokotoni kando yao, nikawaamkia, nikauliza alizeti imezaaje. Tukaongea robo saa nzima. Kisha mmoja, Mzee Hango, akasema jua limekuwa kali, akamshika mwenziwe bega, wakanyanyuka taratibu kama watu waliomaliza kikao. Goti la yule wa pili lilikuwa linavuja damu. Hakuna aliyeliangalia.

Hivyo ndivyo tulivyolelewa. Ntundwa mzee haanguki. Mzee anakaa. Ukimwona chini, usikimbie, usipige kelele, usimwinue kama gunia. Kaa naye, zungumza ya mvua na ya mifugo, mpaka miguu yake irudi. Akinyanyuka, nyote mlikuwa mmekaa tu. Ni adabu nzuri sana, na nilikuwa nimesahau kabisa kuiweka kwenye mpango wangu wa kazi.

Tulianza kuhesabu Jumatatu hiyohiyo. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Bi Nyamwiru, aliyekuwa amefungwa mkono wa kushoto kwa kanga na vijiti viwili.

"Shikamoo, bibi. Mkono umefanya nini?"

"Marahaba. Umechoka."

"Ndugu mhojiwa," Karani ilisema kwa kile Kiswahili chake cha taarifa ya habari, "katika miezi kumi na miwili iliyopita, je, umeanguka?"

"Nianguke niende wapi?" alisema Bi Nyamwiru, akaweka kidole gumba cha kulia. Hapana.

Mzee Hango naye, ambaye jirani zake watatu walimwona akitoka juu ya paa lake mwezi wa nne, alisema kuwa alishuka.

"Kwa ngazi?" nilimuuliza.

"Kwa haraka."

Kidole. Hapana.

Kufikia Alhamisi adhuhuri tulikuwa tumehoji wazee mia moja na arobaini na sita. Walioanguka: sifuri. Karani ilisimama mbele ya zahanati, taa zake za kijani zikiwaka zote kwa furaha.

"Ntundwa ni mahali salama kuliko pote nilipowahi kuhesabu. Napendekeza cheti."

Nesi Zamda, anayeendesha zahanati ile peke yake tangu daktari apate uhamisho, alikuwa anafagia kizingiti. Aliiangalia Karani, akaniangalia mimi, akaweka ufagio chini.

"Plasta ya kufungia mifupa imeniishia mara tatu mwaka huu," alisema. "Njoo uone daftari langu, dada."

Nikaliona. Kwenye safu ya sababu, ukurasa kwa ukurasa: amechoka, amechoka, mlango, amechoka, amekaa vibaya, mlango, mbuzi.

"Mbuzi?"

"Alimsingizia mbuzi. Nami nikaandika, ningefanyaje?"

3

Baba yangu, Mwalimu Ntandu, ana miaka themanini na sita. Alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya Ntundwa kwa miaka ishirini na tano, na hadi leo akipita njiani watu wazima wenye wajukuu huficha sigara. Jioni ya Alhamisi nilimkuta barazani anamenya karanga. Juu ya jicho la kulia alikuwa na nundu ya zambarau yenye ukubwa wa limao. Jumatatu hakuwa nayo.

"Shikamoo, baba. Na hiyo?"

"Marahaba. Mlango."

Nyumba yake haina mlango wa ndani. Ina mapazia. Nilikaa, nikaanza kumenya karanga naye, na nikajikuta hasira inanipanda hadi masikioni.

"Baba, kesho saa sita mikongojo inaondoka. Arobaini. Naomba watu thelathini tu waseme ukweli."

"Wamesema. Mashine yako imeandika."

"Imeandika uongo!"

Aliacha kumenya. "Sekunda, mtu akisema ameanguka, unajua kinachofuata? Kwanza wanakuja kumchukulia jembe. Baadaye ufunguo wa ghala. Halafu kwenye kikao anauliza swali, wanamjibu kwa sauti ya kumbembeleza, kama mtoto. Mzee Mnyampaa alikubali mara moja tu kuwa ameanguka. Leo analishwa uji na mkwewe, na meno yake yote anayo."

Niliyakumbuka makubazi yangu kwenye droo, nikayafukuza akilini.

"Na mama?" nilisema. Sikuwa nimepanga kulisema. "Mama alikuwa na miaka sitini na minne. Cheti cha kifo kinasema uzee. Ana uzee gani mtu wa sitini na minne?"

"Mama yako alikaa jikoni," baba alisema, macho kwenye sinia. "Akaugua. Akafa."

Akachukua karanga nyingine. Ganda likamshinda, na mimi nikainuka nikaenda nyuma ya nyumba kwa sababu nilitaka kulia na sikutaka kulia mbele ya mwalimu mkuu.

Huko nyuma ndiko Mkurugenzi aliponipata. Sura yake ilitokea kwenye saa yangu ya mkononi, nyuma yake meza imenyooka kama gwaride.

"Mama, ukituma sifuri, Mizani itasema lengo limetimia. Watapewa cheti na mikongojo itaondoka. Nimeshaona cheti chenyewe, kina picha ya jua."

"Na nikituma ishirini na nane yako?"

"Mtakwimu wa daraja la kwanza akiapa, kiapo kinapita vidole. Wanapata mikongojo kesho."

"Na mwakani, Mizani ikilinganisha? Kama ukweli ni kumi, itadhani mikongojo imefanya maajabu, itaihamisha. Kama ni hamsini, itadhani mikongojo ndiyo inayowaangusha."

"Mwakani ni mwakani," alisema kwa upole. "Mwaka mmoja si haba kwa mtu wa miaka themanini na sita."

Alikuwa anajua hata umri wa baba, jamaa huyu. Alikuwa amesoma faili. Nilimchukia kwa sekunde kadhaa, kisha nikashindwa, kwa sababu alikuwa anasema kweli. Nilikata simu nikabaki nimesimama kwenye mabua ya alizeti, na kabla jua halijazama nilikuwa nimeamua. Nitapika. Mara moja katika maisha, kwa ajili ya ile nundu.

4

Ijumaa ni siku ya kliniki ya wazee. Saa tano unusu, ua wa zahanati ulikuwa umejaa. Wazee walikuwa kwenye mabenchi, kwenye ngazi, kwenye ukuta mfupi wa mawe, wote wamekuja kwa ajili ya macho, presha, meno, na hakuna hata mmoja aliyekuja kwa kuanguka. Baba alikuwa benchi la mbele, kofia imevutwa hadi juu ya nundu. Karani ilikuwa katikati ya ua, karibu na bomba, inamsubiri mtakwimu aje aziapie namba.

Nilitoka ndani ya zahanati nimekunja uso. Nilikuwa nimejisemea maneno ya kiapo mara kumi: mimi, Sekunda Ntandu, nathibitisha kuwa asilimia ishirini na nane wameanguka. Nilikuwa nimekwisha kuinua kidole gumba. Macho yangu yalikuwa kwenye bamba, si chini, na chini, mbele ya bomba, palikuwa na jiwe bapa lililolowa.

Kisigino kifupi kiliteleza. Mguu mmoja ukaenda kwa Nesi Zamda, mwingine ukaenda kwa wagonjwa wa macho, na mimi nikaenda chini kwa kishindo kilichowatoa kuku uani.

Maumivu yalinipiga kiunoni hadi menoni. Kisha nikamsikia mtu akisema kwa sauti ya furaha ya ajabu:

"Nimekaa tu! Napumzika kidogo."

Ilikuwa sauti yangu.

Karani ilinisogelea. Ilisimama kando yangu muda kidogo, taa zikizunguka. Siku nne ilikuwa imetembea nami Ntundwa, na nadhani mashine hizi hujifunza. Ilikunja miguu yake minne mmoja baada ya mwingine, ikashuka hadi tumbo likagusa tope.

"Mwaka huu mvua zimechelewa," ilisema.

Nilijikuta nacheka na machozi yananitoka. Kabla sijafuta uso, baba alikuwa amefika. Alijishusha taratibu, mkono mmoja kwenye bomba, akakaa upande wangu wa pili.

"Zimechelewa kweli," alisema. "Alizeti zangu zimesinyaa."

Akaja Mzee Hango, akakaa. Akaja Bi Nyamwiru na mkono wake uliochoka. Mmoja mmoja wakateremka kutoka mabenchini, magoti yakilia kama kuni kavu, mpaka nusu ya ua ilikuwa chini kwenye mawe inazungumza habari za mvua. Hakuna aliyeniangalia kiuno. Nilipendwa pale jinsi ambavyo sijapendwa kwa miaka mingi. Ilikuwa raha, nakiri. Ningeweza kubaki pale mpaka jioni nikasimama nikaondoka na heshima yangu yote, na nilielewa kwa nini watu mia na arobaini na sita waliniangalia usoni wakasema hapana.

Saa yangu ilionyesha saa sita kasoro dakika kumi na tano.

"Karani," nilisema. "Nina miaka sitini. Nahesabiwa?"

"Umri unaruhusu. Mahali pa tukio panaruhusu. Lakini hakuna tukio. Umekaa."

Kwa miaka thelathini na minne nimewauliza watu maswali magumu kuliko hilo, na nikawakunjia uso walipositasita.

"Nimeanguka," nilisema.

Mazungumzo ya mvua yalikatika. Bi Nyamwiru aligeukia ukuta kwa aibu kwa niaba yangu. Niliweka kidole gumba kwenye bamba, na taa moja ya kijani ikazimika, ikawaka nyekundu.

"Mmoja," Karani ilisema.

Nilimgeukia baba. Sikumwomba. Nilikuwa nimechoka kuomba, na kiuno kilikuwa kinawaka. Yeye alikuwa anaangalia bamba lile kama alivyokuwa akiangalia daftari la mwanafunzi mtundu. Akavua kofia. Nundu ikaonekana kwa ua mzima.

"Juzi," alisema kwa sauti yake ya paredi ya asubuhi. "Kisimani. Na mwezi uliopita, mara mbili. Nimeanguka." Akaweka kidole. "Na yeyote atakayekuja kunichukulia jembe, nitamchapa nalo."

Mwalimu mkuu akishasema, darasa lote huinua mikono. Hango akasema paa. Bi Nyamwiru akasema ngazi za kanisa, tena mbele ya padri. Yule bwana wa mbuzi akamtakasa mbuzi hadharani. Walikuwa wanasukumana sasa, wanatambaa kwa makalio kulifikia bamba, na wawili waligombana nani aliteleza kwanza kwenye jiwe lilelile. Nesi Zamda alikuwa mlangoni amejishika kichwa, kisha akakimbilia ndani na daftari lake akaanza kuifuta 'milango' yote kwenye safu ya sababu.

Saa sita kasoro dakika mbili Karani ilituma. Thelathini na tisa kati ya mia moja na arobaini na saba. Asilimia ishirini na sita na nusu.

Saa yangu ililia papo hapo. "Mama Sekunda!" Mkurugenzi alipiga kelele. "Nilikosea kwa moja na nusu tu! Si nilikwambia?"

Nilimzima. Kutoka stoo kulisikika mlio wa kufuli likijifungua.

Katika kelele ile baba aliniinamia. Aliongea chini chini, mimi peke yangu nisikie.

"Siku ile jikoni nilikaa na mama yako tangu chai ya asubuhi hadi jua la utosini. Nilimweleza habari za shule. Alikuwa anatabasamu, nikadhani ni adabu." Akavuta pumzi. "Hakukaa, Sekunda. Alianguka. Ningemwita nesi."

Karani iliinua bamba lake. "Marehemu hana kidole," ilisema, kwa sauti ndogo kuliko kawaida. "Siwezi kumwandika."

"Usimwandike," nilisema. "Ilikuwa ni mimi tu niliyetaka kusikia."

Nikamshika baba mkono. Tulikaa hivyo. Wazee walikuwa wameanza kutulia, na polepole ikadhihirika kwamba tuko watu wapatao sabini chini kwenye mawe yaliyolowa, wastani wa miaka sabini na tisa, na hakuna anayeweza kusimama.

"Mwanangu," baba alisema, kwa nguvu, kila mtu asikie. "Nipe mkono. Nimeanguka, siwezi kunyanyuka."

"Hata mimi, baba," nilisema, na tukabaki palepale tukimsubiri Zamda alete fimbo.